Muziki wa Chemba Usio na Chemba

Ofisi ya Mwenyekiti,
Mtaa wa Mizambarau,
Kihonda, Morogoro.

Kwa Bi Juliana, Katibu,
Kamati ya Tamasha la Muziki,
Kilakala, Morogoro.

YAH: MUZIKI WA CHEMBA ULIOPIGWA BILA CHEMBA, NA WANAWAKE WANGU SABA KURUDI NYUMBANI BILA KUTAJWA

Ndugu Katibu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na kamati yako, na kwamba mvua za juzi hazikuwaezulia paa la ukumbi. Sisi huku Kihonda ni wazima wa mwili. Wa moyo hatujambo kidogo tu, na ndiyo sababu ya kukuandikia.

Mimi ni Yeremia Chilongani, mwenyekiti wa mtaa uliotajwa hapo juu. Kabla ya kustaafu nilikuwa msimamizi wa zamu kiwandani, kwa hiyo kelele nazijua na ukimya naujua. Halafu, kabla hujamuuliza mtu yeyote maswali, nifafanue kuwa wale wanawake saba ni wa mtaa. Wa kwangu ni mmoja, anaitwa Filomena, na ndiye aliyeumizwa. Malalamiko yangu nimeyapanga kwa namba ili yasigongane mlangoni.

1. Neno lenyewe.

Ndugu Katibu, sijui huko Kilakala chemba ni kitu gani. Huku kwetu chemba ni shimo lenye mfuniko wa zege, pale mabomba ya maji machafu yanapokutana. Hata mtoto wa chekechea anajua. Akiiona anapita mbali. Yetu iko njia panda, mbele ya banda la chipsi la Baraka, na kila mvua kubwa ikinyesha huziba, kwa sababu watu wa mtaa wangu, Mungu awarehemu, wanatupa humo nepi, vichwa vya samaki, na mara moja jogoo mzima, ambaye mwenyewe hajajitokeza mpaka leo. Ikiziba inafurika. Ikifurika, Baraka anakaanga viazi huku ameuvuta ukosi wa fulana mpaka puani.

Sasa nani anaizibua? Wanaume wa mtaa wangu siku hiyo wote huwa na safari. Wanaozibua ni wanawake. Wana kikundi chao, kinaitwa Watunza Chemba, na kiongozi wao ni huyo Filomena, ambaye anashinda sokoni akiuza mbogamboga na akirudi anavaa mabuti. Wanapasua mianzi mirefu, wanaiunga kwa kamba, wanaiingiza shimoni na kusukuma. Na wanasukuma wakiimba. Filomena anaanzisha, wenzake wanaitikia, na kwenye kiitikio wote wanasukuma kwa pamoja. Mimi mwenyewe nimeshuhudia uchafu wa wiki nzima ukikubali yaishe kwenye ubeti wa tatu.

Basi mtu mwenye akili zake timamu apite Msamvu, aone bango limeandikwa kwa herufi kubwa: TAMASHA LA MUZIKI WA CHEMBA. TUWAENZI WANAWAKE WATUNZI. Afikiri nini? Chemba tunayo. Muziki tunao. Wanawake wapo. Kasoro ilikuwa kwenye neno la mwisho tu, watunzi badala ya watunza, na hapo nikajua mpiga chapa kakosea herufi, kama walivyokosea kwenye kitambulisho changu wakaniandika Yeremina. Nilisimama pale kituoni na begi langu, machozi yakanilenga. Nikasema, kumbe kuna watu wanaona!

Najua utasema kuuliza si ujinga. Niulize nini, Ndugu Katibu? Bango lilikuwa linaeleweka.

2. Maandalizi yetu, ambayo hamkuyaheshimu.

Niliitisha mkutano wa mtaa nikatangaza kwa kipaza sauti kuwa Watunza Chemba wetu wataenziwa Kilakala, mbele za watu, kwa muziki. Filomena alinitazama, akasema, sawa Mwenyekiti, twende. Nyumbani huniita Mwenyekiti akiwa amefurahi sana au amekasirika sana, na siku ile meno yalikuwa nje. Shakila, makamu wake, alijifunika uso kwa khanga mabega yakimtikisika. Nikajua ni kilio cha furaha, maana huyo mama hajawahi kushukuriwa na mtu.

Wakashona sare za kitenge. Mimi nikatoa suti. Tukabeba na vielelezo, kwa sababu mtu haendi kuenziwa mikono mitupu: mwanzi mmoja mrefu, na buti la Filomena, la kushoto, ili liwekwe mezani mbele ya mgeni rasmi. Mlangoni tukamkuta mlinzi wenu, Bwana Jastin. Aliutazama mwanzi juu mpaka chini, akaniuliza kwa adabu kama ni ala ya kupuliza au ya kugonga. Nikamjibu ni ya kusukuma. Akauegesha pamoja na masanduku ya ala nyingine. Buti alilikataa.

3. Ukimya, na jinsi ulivyotumika dhidi yetu.

Jukwaani palikuwa na viti vinne. Hakuna meza kuu, hakuna mgeni rasmi, hakuna mshereheshaji, hata chupa ya maji iliyovishwa kitambaa hakuna. Wakaingia watu wanne na mazeze. Ndugu Katibu, mimi ni Mgogo, zeze nimezaliwa nalikuta. Kwetu lina nyuzi mbili, na zinatosha kuinua kijiji. Ya kwenu yalikuwa mawili madogo, moja la kati, na moja kubwa ambalo dada mmoja alilibana kwa magoti kama mama anayemnyoa mtoto mkorofi.

Wakayavutavuta kidogo, nyii, nyoo, wakaacha. Nikaona wimbo ni mfupi lakini ni mwanzo mzuri, nikasimama nikapiga makofi. Nilikuwa peke yangu. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba walikuwa wanakaza nyuzi.

Wakaanza wimbo wenyewe sasa. Ukaenda, ukaenda, ukasimama. Shakila akapiga kigelegele. Kigelegele cha Shakila si cha mchezo. Kikipigwa Kihonda, ng'ombe wa jirani wanasimama. Ukumbi mzima ukageuka. Baba mmoja mwenye miwani akaweka kidole mdomoni. Kumbe wimbo haujaisha, umepumzika tu! Jamani, tangu lini wimbo ukasimama watu wasishangilie? Wimbo usiotaka kushangiliwa na usisimame. Hili halihitaji kamati.

4. Waliotajwa.

Kisha dada mmoja wa zeze dogo, Kristina, akawa anasoma habari za watunzi kabla ya kila kipande. Hapo ndipo moyo ulipoanza kuingia ubaridi. Niliyekuwa namsikia kila mara ni marehemu. Mama huyu alitunga, akafa. Yule alitunga nyimbo zikafungiwa sandukuni, akafa. Mwingine baba yake alimkataza kutunga, akatunga hivyohivyo, akafa. Poleni kwa misiba yote hiyo, nasema kwa dhati. Lakini nilisikiliza kwa makini sana, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuzibua kitu.

Na wangu, walio hai, wenye mikono iliyochubuka, mmewakalisha nyuma ya nguzo! Kila jina likisomwa mimi natengeneza tai. Shakila akawa ananiuliza sikioni, Mwenyekiti, bado? Namwambia, hiyo ni itifaki. Baada ya kidogo, Mwenyekiti, bado tu? Namwambia, wanaanza na wageni. Sawa, mgeni njoo mwenyeji apone, lakini hao wageni wenu walikuwa hawaishi, na mwenyeji alikuwa amebanwa na suti.

5. Kutoka kwetu ukumbini.

Kikabaki kipande kimoja. Nikaiangalia ile karatasi ya ratiba, nikaipitishia macho kuanzia juu mpaka chini nikitafuta Filomena, nikitafuta Watunza Chemba, nikitafuta hata Kihonda. Hakuna. Damu ikanipanda. Nikasimama, nikawaambia wanawake, twendeni zetu, hapa tumedharauliwa.

Sita wakasimama. Filomena hakusimama. Aliniambia kwa sauti ya chini, kaa, Yeremia, kimebaki kimoja. Aliniita kwa jina langu, kitu ambacho hakifanyi mbele za watu. Nikamwonea huruma. Nikasema masikini, bado anangoja kuitwa! Nikamshika mkono nimwondoe kwenye aibu ile, kumbe mkono wa pili ameushikilia kwenye kiti, tukaenda na kiti mpaka mlangoni. Kiti tulikirudisha, Bwana Jastin ni shahidi.

Nje akalia. Ndugu Katibu, huyu ni mwanamke ambaye siku jogoo alipotoka mle shimoni, wengine wote walikimbia na yeye akabaki ameshika mwanzi. Alilia kutoka Kilakala mpaka Kihonda, bila sauti, akiangalia dirishani mwa daladala upande wa milimani.

6. Hili lilipaswa kuwa la kwanza, lakini lilinishinda kuandika.

Tangu siku ile Filomena haimbi. Chemba iliziba tena, wakatoka na mianzi yao, wakasukuma kimya. Kimya kabisa! Na haikuzibuka. Baraka ameanza kuzungumzia kuhama. Nyumbani chakula napikiwa, tena kitamu, ila kikishawekwa mezani naambiwa, karibu, Mheshimiwa. Mwanamume yeyote aliyeoa atakuambia neno hilo lina makali kuliko tusi. Hata kwao mlimani, ambako huwa anapanda kila Jumapili kumwona mama yake, hajakanyaga. Nikimuuliza kwa nini, anasema, nikamwambie nini?

Mimi namwelewa. Mtu aliyeahidiwa heshima mbele ya mtaa mzima akarudi bila kutajwa, atamwambia nini mzazi wake? Mmemnyamazisha mke wangu, Ndugu Katibu, na nyumba yangu bila sauti yake siiwezi. Usiku nasikia jokofu.

Kwa hiyo, kwa heshima zote, nadai yafuatayo:

(a) Neno chemba lirudishwe kwa wenyewe. Mwalimu mmoja wa muziki alinifuata nje akanieleza kuwa maana yake ni muziki wa chumbani, wa watu wachache. Basi semeni muziki wa chumbani. Ingawa nikifikiri vizuri, bango hilo nalo lingeniletea matatizo mengine na wazazi wa mtaa huu.

(b) Watunza Chemba saba wasomwe majina yao hadharani, mmoja mmoja, kwa sauti ya kusikika. Na kuanzia sasa, katika sherehe zenu zote, wasomwe walio hai kwanza. Marehemu hawana haraka.

(c) Tamasha lijalo lifanyike njia panda Kihonda, wapigaji wenu wanne wakiizunguka chemba yenyewe, wakati wa masika. Hapo ndipo watakapojua kwa nini wimbo hausimamishwi katikati.

(d) Shingo ya lile zeze kubwa ipimwe, tuone kama inaweza kufika chini kabisa mwa chemba. Nauliza tu. Na mwanzi wetu urudishwe. Nimeonyeshwa picha mliyopiga baada ya onyesho, nao umo, umesimama katikati ya ala.

(e) Mtu yeyote anayetaka kuitwa mtunzi azibue kwanza chemba moja. Waliofariki watawakilishwa na ndugu zao.

(f) Msipotekeleza, nitautangaza mtaa wangu kuwa eneo lisiloruhusu nyuzi za aina yoyote, zikiwemo za kuanikia nguo. Kengele za kanisa na adhana hazihusiki, maana hizo zikianza zinaeleweka, na zikiisha zinaeleweka.

Nimeandika kwa utulivu, kama unavyoona. Naomba uwasalimie wanakamati wote, wapigaji wote wanne, na hasa dada wa zeze kubwa, mpe pole ya magoti. Msalimie Bwana Jastin, ambaye katika ukumbi mzima ndiye pekee aliyetuuliza tumebeba nini. Baba wa miwani naye msalimie, ila kimyakimya, ndivyo apendavyo. Mtaa mzima wa Mizambarau unawasalimu, na Baraka anasema karibuni chipsi upepo ukiwa mzuri.

Asiye na kinyongo nanyi ila kwa maandishi,

Yeremia Chilongani
Mwenyekiti wa Mtaa

Nakala: Watunza Chemba (wote), Baraka wa chipsi, Paroko wa mke wangu, Mchungaji wangu mimi.

Tanbihi: Kabla ya kuifunga barua hii nilimpa Filomena aisome, aone ninavyompigania. Alipofika kwenye buti akaanza kucheka. Kwa Shakila na khanga yake akacheka mpaka akakaa chini. Alipofika kwenye kiti akaacha kucheka. Akaniambia, keti, Yeremia.

Binti yangu Juliana, nakuita hivyo kwa kuwa nimeambiwa wewe ni mteja wake wa njegere. Kumbe ulishamweleza zamani pale sokoni, mezani kwake, kuwa chemba yenu ni ipi. Alijua. Shakila alijua. Wote saba walijua kabla mimi sijaliona bango. Nilimuuliza, sasa kwa nini uliniacha nitangaze kwa kipaza sauti? Akasema, kwa jambo la mtaa unavaa suti. Ningekuambia twende tukasikilize wimbo, ungekuwa na kikao. Ni kweli nina vikao vingi. Nikamuuliza, na pale ukumbini je, kwa nini hukunieleza? Akasema angewezaje kuniambia mbele ya wanawake sita kwamba Mwenyekiti hajui kusoma bango.

Kisha akaniambia kile kipande cha mwisho kilikuwa nini. Dada Kristina alikipanga kutokana na wimbo wa kupalilia wa wanawake wa Nyandira, juu huko Mgeta, na kwenye karatasi mliandika jina la aliyeutunga, Kolastika Mloka. Jina hilo nililiona, Ndugu Katibu. Nililipita kama napita mti. Mimi ni mkwe wake. Tangu nioe namwita Mama Fransisko, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na jina lake mwenyewe sijawahi kulitia mdomoni. Yuko hai, ila magoti hayamruhusu tena kushuka mjini. Alimtuma binti yake: nenda ukanisikilizie kama wameuharibu, uje uniambie. Filomena hajapanda mlimani kwa sababu hana la kumwambia, na hana kwa sababu mimi nilimtoa na kiti.

Madai yangu yote nayafuta, isipokuwa la mwanzi. Ninalo ombi badala yake. Kila ninapopanda Nyandira nausikia wimbo wa matutani ukinijia kwa mbali, na nikitokea tu kwenye kona wanawake wanaukata, wanainamisha vichwa, kwa heshima ya mkwe. Ni huohuo, nimeambiwa. Nimeoa katika nyumba ya wimbo huo na sijui unavyoishia. Nawaomba muupige tena, popote, hata chini ya ngazi za ukumbi, Filomena apate la kumpelekea mama yake. Mimi nitakaa mpaka uishe, na makofi nitangoja apige yeye kwanza.